Njia ya Kurudi: Kuunganisha Mashine za Karakana na Kuzifunga Ardhini

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa ufundi, mafundi wenzangu wa umeme, na ninyi waseremala, wachonga vyuma na wachomeleaji ambao kila siku mnaziegemea mashine tutakazozizungumzia leo,

Nimeombwa nieleze namna ya kuunganisha mashine za karakana na umeme, na hasa namna ya kuzifunga ardhini. Kwa muda niliopewa sitagusa kila kitu kwa kipimo kimoja, kwa kuwa kuchagua plagi na kukaza skrubu ni mambo ambayo wengi wenu mnayafanya vizuri kuliko mimi. Jambo ninalotaka tulikalie ni moja: waya wa ardhi, au ethi kama tunavyouita kazini, haupo ili umeme uende ukapotelee udongoni. Upo ili umeme unaovuja upate njia nyepesi ya kurudi kwenye transfoma ulikotoka, urudi kwa wingi, na wingi huo uilazimishe breka, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, ikate. Fundi asiyelielewa hili atapigilia fimbo ya shaba nje ya ukuta, atafunga waya wake, atajiona amemaliza, ilhali mashine aliyoifunga bado inaweza kuua.

Naomba mnivumilie katika hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu maneno yangu yatabaki madai. Chukueni msumeno wa meza unaotumia fezi moja ya volti 230 na kulindwa na breka ya amperi 16. Waya wa fezi, yaani ule unaoleta umeme, umekwaruzika ndani ya kisanduku cha mota na kugusa chuma. Bodi ya msumeno, yaani chuma chake cha nje, imefungwa kwenye fimbo iliyopigiliwa karakanani tu, wala haina waya unaorudi kwenye chanzo. Tuseme fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 20, na ile ya kwenye transfoma ina omu 5. Kwa fimbo ya mtu binafsi katika udongo wa kawaida, omu 20 si kipimo kibaya. Mkondo utatoka kwenye waya, utapita kwenye bodi, utashuka kwenye fimbo, utavuka udongo na kupanda kupitia fimbo ya transfoma. Gawanyeni 230 kwa 25, mtapata amperi 9.2. Breka ya amperi 16 haina sababu yoyote ya kukata kwa amperi 9.2. Itaendelea kukaa juu asubuhi hadi jioni, na muda wote huo bodi ya msumeno itakuwa na volti 184 dhidi ya ardhi iliyo mbali kidogo na fimbo.

Mwili wa binadamu nao una kiasi chake. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima kwa watu wa kujitolea ni mkondo kiasi gani humfanya mtu ashindwe kuachia kitu alichokishika. Wastani aliopata ulikuwa miliamperi 16 kwa wanaume na takriban 10.5 kwa wanawake. Mkondo unaozidi kiasi hicho huikaza misuli ya mkono, na mtu hubaki ameshika. Ukipanda hadi makumi ya miliamperi na kupita kifuani kwa muda, moyo huanza kutetemeka badala ya kupiga, na hapo dakika zinazobaki ni chache sana. Sasa mfikirieni mtu mwenye mikono yenye jasho, aliyesimama pekupeku au kwa viatu vilivyolowa, akaushika msumeno wenye volti 184. Mwili wenye ukinzani wa omu 1,000 utapitisha miliamperi zaidi ya 180. Mashine ina fimbo, ina breka, na mtu anakufa.

Tubadilishe kitu kimoja tu katika mfano huo. Tuuondoe udongo katika njia ya kurudi, na mahali pake tuweke waya wa shaba unaotoka kwenye bodi ya msumeno, unaopita kwenye kebo ileile ya mashine hadi kwenye bodi ya usambazaji, yaani kisanduku cha breka, na kutoka hapo kurudi kwenye chanzo kwa chuma kitupu. Tuseme mzunguko wote, kwenda na kurudi, una omu 0.8. Mkondo wa hitilafu sasa unakaribia amperi 290. Breka ya aina C ya amperi 16 hukata papo hapo mkondo unapofika kati ya mara 5 na mara 10 ya kipimo chake, yaani ni hakika itakuwa imekata mkondo unapofika amperi 160. Breka itaanguka kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kwisha. Kanuni za kimataifa za uwekaji umeme, kwa mfumo huu wa waya unaorudi, zinaruhusu sekunde 0.4 kwa saketi za mwisho za volti 230. Hapa tumo ndani ya kipimo kwa mbali.

Kutokana na hayo tunapata kipimo cha kufanyia kazi. Ukigawanya 230 kwa 160 unapata takriban omu 1.44, nacho ndicho kikomo cha juu cha mzunguko mzima kwa breka hiyo. Lakini waya ukipata moto ukinzani wake huongezeka, kwa hiyo ukipima nyaya zikiwa baridi uchukue asilimia 80 ya kiasi hicho, yaani omu 1.15 hivi. Ikumbukeni namba hii, kwa sababu inalijibu swali ambalo vijana huniuliza mara kwa mara: kwa nini wazee wa kazi wanazichukia ekstensheni ndefu? Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 0.0121 kwa kila mita. Ekstensheni ya mita 50 ina mita 50 za kwenda na mita 50 za kurudi, yaani omu 1.21 peke yake, kabla hujahesabu waya wa jengo. Ekstensheni hiyo imeshapita kikomo ikiwa bado mpya, haijachubuka wala kukatika popote. Taa itawaka, mashine itazunguka, na mtu atasema umeme upo sawa. Siku ya hitilafu breka itachelewa, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Swali linalofuata ni la wale ambao mfumo wa umeme wao hauna waya wa ardhi unaotoka kwenye chanzo, na tegemeo lao ni fimbo yao wenyewe. Je, wafunge karakana? La. Wanachohitaji ni breka ya uvujaji, ile yenye kitufe kidogo cha majaribio, ambayo haiangalii wingi wa mkondo bali hulinganisha mkondo unaoenda na unaorudi. Ikiona tofauti ya miliamperi 30, inakata, na kwa tofauti kubwa zaidi hukata ndani ya sekunde 0.04. Pamoja na breka hiyo, fimbo ya omu 20 iliyotushinda pale mwanzo inatosha kabisa, kwa kuwa miliamperi 30 zikipita kwenye omu 20 haziwezi kuipandisha bodi ya mashine hata volti moja. Katika mifumo ya namna hii breka ya uvujaji ni lazima. Katika ile yenye waya unaorudi, mimi ningeiweka hata hivyo kwenye kila saketi ya soketi za karakana, kwa sababu kebo za kushikwa mkononi ndizo zinazokatwa na misumeno na kukanyagwa na magurudumu.

Lakini nisieleweke vibaya: breka ya uvujaji haichukui nafasi ya waya wa ardhi. Bila waya huo, mashine iliyoharibika itakaa na umeme wake kwenye bodi ikimsubiri mtu, na mtu huyo ndiye atakayekuwa njia ya kwanza ya uvujaji. Breka pengine itamwokoa, lakini atakuwa ameshapigwa. Aidha, mtu akishika fezi kwa mkono mmoja na nyutro, waya unaorudisha mkondo wa kawaida wa kazi, kwa mwingine, akiwa amesimama juu ya ubao mkavu, breka hiyo haioni tofauti yoyote na haitakata. Na kile kitufe cha majaribio, ambacho ni vizuri kukibonyeza mara kwa mara, hupima breka yenyewe tu. Nimewahi kuwasikia watu wakisema ethi yao ni nzima kwa kuwa kitufe kimekata. Kitufe hicho hakijui chochote kuhusu ethi.

Kuna kosa moja ambalo ningependa lipewe jina baya kuliko yote katika kazi yetu, nalo ni kuunganisha nyutro na bodi ya mashine pale kwenye mashine kwa kisingizio kwamba soketi haina ethi. Anayefanya hivyo hujitetea kwamba nyutro na ardhi huishia mahali pamoja. Kweli huungana, lakini huungana mahali pamoja palipopangwa, mwanzoni mwa mfumo, wala si kwenye kila mashine. Nyutro ikilegea au kukatika mahali popote kati ya mashine hiyo na bodi ya usambazaji, umeme wa fezi utapita kwenye koili za mota, utafika kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, na kupitia kile kiungo utaingia kwenye bodi. Mashine itasimama. Mtu ataisogelea kuangalia kwa nini imesimama, akiamini haina umeme, na bodi itakuwa na volti 230 bila kuwapo waya hata mmoja uliochubuka. Soketi yenyewe nayo ikiwa imefungwa kinyume, fezi upande wa nyutro, bodi inapata umeme tangu plagi inapoingia. Hakuna dharura ya kazi inayohalalisha kiungo hicho.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Kabla ya kufungua kifuniko, umeme ukatwe kwenye swichi kuu ya saketi hiyo, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayeifanya kazi, si kwa msimamizi wala kwenye msumari ukutani. Kisha ipimwe kwamba umeme haupo kweli: tasta ijaribiwe kwanza mahali penye umeme unaojulikana, halafu kwenye nyaya unazotaka kuzigusa, halafu irudishwe tena pale pa mwanzo. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayokuambia kama tasta haikufa katikati ya kazi.

Waya wa ardhi una rangi yake, kijani na njano kwa pamoja, na rangi hiyo haitumiki kwa waya mwingine wowote. Kwenye rangi nyingine, tahadhari. Katika mpangilio wa kimataifa buluu ni nyutro, na fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu. Katika mpangilio wa zamani wa Uingereza fezi zilikuwa nyekundu, njano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Uingereza yenyewe iliruhusu rangi mpya mwaka 2004 na kuzifanya za lazima mwaka 2006, lakini nyaya za zamani zimo bado katika majengo mengi duniani. Maana yake ni kwamba waya wa buluu unaoukuta ukutani unaweza kuwa nyutro au fezi, na mweusi vilevile. Rangi ikupe dhana. Jibu litoke kwenye mita.

Waya wa ardhi ufungwe wa kwanza na ufunguliwe wa mwisho. Ndani ya plagi na ndani ya kisanduku cha mashine uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa kwa nguvu hadi nyaya zichomoke, fezi itoke kwanza na ethi ibaki imeshika hadi mwisho. Usipitishwe kwenye swichi wala fyuzi yoyote. Hadi milimita za mraba 16, unene wake uwe sawa na wa waya wa fezi. Kwenye bodi upewe boliti yake peke yake, si boliti inayofunga kifuniko au mguu wa mota, kwa sababu boliti hizo zitafunguliwa na mtu anayetafuta jambo jingine kabisa. Rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, iwekwe washa yenye meno, na kichwa cha waya kibanwe vizuri kwa koleo lake. Nyuzi za waya zisiloweshwe risasi ya kulehemu kabla ya kuingizwa chini ya skrubu; risasi hulegea polepole chini ya mgandamizo, na kiungo kilichokuwa kigumu leo kitacheza baada ya miezi.

Mashine nyingi za karakana zina sehemu zinazosogea, na hapo ndipo ethi hupotea bila mtu kujua. Mota ya randa imekaa juu ya sahani inayocheza kwenye bawaba. Bawaba zina grisi, na grisi haipitishi umeme vizuri. Fundi hufunga ethi kwenye fremu na kuiacha mota ikitegemea bawaba. Mota inahitaji waya wake mwenyewe, laini wa kuweza kujikunja, vivyo hivyo mlango wa chuma wa kisanduku cha swichi. Mashine iliyowekwa juu ya mipira ya kupunguza mtetemo isichukuliwe kwamba imegusa chochote.

Mota za fezi tatu mara nyingi hazihitaji nyutro, na kwa sababu hiyo kuna wanaodhani kebo ya nyaya tatu inatosha. Haitoshi; wa nne ni wa ardhi. Kisomwe kibao cha mota: iliyoandikwa 230/400 koili zake hufungwa kwa mtindo wa nyota kwenye mfumo wa volti 400, na iliyoandikwa 400/690 hufungwa pembetatu kwenye mfumo huohuo. Rilei ya joto, ile inayoikata mota ikivuta mkondo kupita kiasi, irekebishwe kulingana na amperi za kibao, kwa sababu fezi moja ikipotea mota inaweza kuendelea kuzunguka kwa mbili, ikivuta mkondo mkubwa hadi ikaungua. Mwelekeo wa kuzunguka ujaribiwe kabla ya kufunga msumeno au jiwe la kunolea, na ukiwa kinyume zibadilishwe fezi mbili tu. Mashine iwashwe kwa kontakta, yaani swichi ya sumaku, inayojiachia umeme ukikatika, ili umeme unaporudi msumeno usianze kuzunguka wenyewe mkono wa mtu ukiwa mezani. Kitufe chekundu cha dharura kiwe pale mkono unapofika bila kuvuka blade.

Mashine za kulehemu zinastahili neno lao. Mkondo wa kulehemu hufika amperi mia na zaidi, na hutafuta njia ya kurudi kwenye klampu yake. Klampu ikifungwa mbali, kwenye meza ya chuma au kwenye nguzo ya jengo, sehemu ya mkondo huo itapita kwenye waya wa ardhi wa drili au kompresa iliyo karibu, na waya mwembamba wa drili haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Unaungua ndani kwa ndani, ganda la nje likibaki zuri. Kesho mtu anaitumia drili isiyo na ethi na hana habari. Kwa hiyo klampu ifungwe kwenye kipande chenyewe kinacholehemiwa, karibu na mahali pa kazi kadiri inavyowezekana, na katika karakana yenye kulehemu kwingi nyaya za ardhi za mashine za jirani zipimwe mara nyingi zaidi.

Wenye vifaa vya kielektroniki vya kubadilisha kasi ya mota wajue mambo mawili. Vifaa hivyo huvujisha mkondo kidogo kwenye ethi hata vikiwa vizima, na uvujaji unapozidi miliamperi 10 kanuni hudai waya wa ardhi wa shaba usiopungua milimita za mraba 10, au waya wa pili. Breka ya uvujaji ya aina ya kawaida inaweza kupofushwa na mkondo wa moja kwa moja unaotoka humo. Kwa vifaa vya fezi tatu hutakiwa ile ya aina B. Na baada ya kuzima, kapasita zilizomo ndani hubaki na chaji kwa dakika kadhaa, kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko. Muda huo usubiriwe wote.

Kuhusu zana za mkononi zenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, hizo zina kihami (kizuizi cha umeme) maradufu na hazifungwi ethi. Zana isiyo na alama hiyo na yenye plagi ya pini tatu isikatwe pini ili iingie kwenye soketi ya mbili. Na ekstensheni ya kuzungusha kwenye roli ifunguliwe yote kabla ya kubebeshwa mzigo, vinginevyo hujipika yenyewe.

Limebaki la kupima, nalo ndilo tutakalolifanya kwa mikono. Kazi ikikamilika, umeme ukiwa bado umekatwa, pimeni mwendelezo wa waya wa ardhi kutoka kwenye pini ya plagi hadi kila chuma kinachoguswa na mtu: meza, mota, mpini, mlango wa swichi. Kifaa kiwe cha kutoa angalau miliamperi 200, kwa sababu mita ndogo ya kawaida hupitisha mkondo mdogo mno na itakisifu kiungo kinachoshikwa na uzi mmoja. Kisha pimeni kihami kwa volti 500 kati ya nyaya za umeme na ethi, na jibu lisipungue megaomu 1. Kwenye mashine yenye kifaa cha kielektroniki, kifaa hicho kitenganishwe kwanza kisije kikaharibika. Umeme ukisharudishwa, pimeni mzunguko mzima na kulinganisha na breka iliyopo, kama tulivyofanya kwenye hesabu. Namba ziandikwe kwenye daftari la mashine pamoja na tarehe. Omu 0.3 ya mwaka jana iliyogeuka omu 0.9 mwaka huu bado imo ndani ya kikomo, lakini kuna kiungo kinacholegea mahali fulani, na ni afadhali kitafutwe sasa.

Mashine tatu zilizoko upande wa nyuma zimekatwa umeme na kufungwa kufuli, na moja kati yake imetegwa hitilafu ya ethi kwa makusudi. Naomba mjigawe katika makundi, kila kundi lichukue mita yake, na mtakapoipata hitilafu msiitangaze. Iandikeni pamoja na kipimo, kisha tulinganishe. Asanteni kwa kunisikiliza.